Chupa ya Tano

Ninaikumbuka siku moja kuliko siku zote za vita, na haikuwa siku ya risasi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua limeshapanda, na dada yangu Zaina amelazwa ndani ya hema la wagonjwa wa kolera, juu ya kitanda cha turubai kilichotobolewa katikati, na chini ya tundu ndoo. Kila kitu kilinuka klorini. Mlangoni ulikanyaga gunia lililoloweshwa klorini, mikono ulinawa klorini, hata maiti zilitoka pale zikinuka klorini. Macho ya Zaina yalikuwa yameingia ndani. Ukimfinya ngozi ya mkono ilibaki imesimama kama kitambaa. Yaliyomtoka yalikuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele.

Muuguzi aliniuliza, huku akitafuta mshipa na kuukosa, mgonjwa alikuwa anakunywa maji ya wapi. Zaina ndiye aliyejibu, kwa sauti iliyokauka.

"Ya kisima. Mudogo wangu ndiye aliniambia iko mazuri. Anafanyaka kazi kwa dokteri."

Alisema kwa fahari, mwanangu. Hakuwa ananilaumu. Alitaka muuguzi ajue kwamba yeye hakunywa maji ovyo kama mtu asiye na ndugu. Adhana ya adhuhuri haikumkuta.

Nimeanza na mwisho makusudi. Vijana wa leo mkiona mzee anaanzia mbali, mkono unakwenda mfukoni kutafuta simu. Sasa umeshajua aliyekufa, tulia nikueleze walioua. Ni watu watatu, na nitawataja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeficha vya kutosha.

Rehema, wewe ni mjukuu wa Zaina. Mama yako Saada alikuwa na miaka sita asubuhi ile, na alikuwa amekaa nje ya hema juu ya bidoni tupu la maji, akila muwa. Nakuandikia wewe kwanza, kisha na wenzako watakaopenda kusoma. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo ukikuta kosa la maandishi lipite. Kosa jingine usilipite.

Unajua kwa nini naandika. Jumatano iliyopita nilikukuta wewe na rafiki yako mmekaa juu ya mkeka wangu, na faili la karatasi mbele yenu. Mmepewa kazi ya likizo na watu wa utafiti: mpite nyumba kwa nyumba humu mtaani Buyenzi mkiwauliza vijana wa umri wenu mambo ya afya na ya moyo. Unalala vizuri? Unakula mara ngapi? Una mtu wa kumwambia shida zako? Umewahi kutamani kufa? Na kila aliyejibu, kama amekubali yeye na mzazi wake, ateme mate kidogo kwenye kijichupa, wakatazame maradhi yanayorithiwa kutoka kwa baba na mama. Kazi nzuri. Niliisifu mwenyewe ulipoipata.

Nyinyi lakini hamkuwa nyumba kwa nyumba. Mlikuwa kwenye mkeka, mnaweka alama kwenye karatasi moja baada ya nyingine, huyu analala vizuri, huyu anakula mara tatu, na mnapokezana kutema mate kwenye vijichupa vya watu ambao hamkuwaona. Mnacheka. Nami kidogo nicheke, Mungu anisamehe, maana nilifikiri: watafiti wakipima haya watadhani Buyenzi nzima imezaliwa na mama wawili.

Nilipokuuliza, ulinijibu bila hata kuona haya. "Nyanya, si kila mutu atasema ile ile tu? Jua nalo hili. Kuna tofauti gani?"

Nikalifunga faili, nikalikalia. Ukanuna siku mbili. Basi tofauti ndiyo hii.

Wakati wa vita, ule wakati wa embargo, nchi imefungiwa biashara, ambapo lita ya mafuta ilitafutwa kama dawa, mimi na Mariamu, jirani yetu wa avenyu moja, tulipewa kazi ya chupa. Aliyetupa ni Daktari Anselme. Namtaja kwa jina lake. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati, na alizungumza nasi vizuri, sitasema uongo. Chini kabisa kaskazini mwa mji, ukishapita Cibitoke, kulikuwa na mabwawa matatu madogo aliyoyachimbisha kwa ajili ya utafiti wake. Maji machafu ya vyoo na mifereji yaliingia bwawa la kwanza, yakatulia, yakapita la pili, kisha la tatu lililopandwa matete, kisha yakatoka. Daktari alitaka kujua kama matete na jua vinaweza kusafisha maji ya mji bila mashine, kwa sababu mashine zilitaka umeme na umeme wenyewe ulikuwa hadithi.

Chini ya mabwawa kulikuwa na kambi ya watu waliokimbia kartie zao, mitaa waliyozaliwa. Kambini kulikuwa na kisima kifupi, na hapo ndipo palipokuwa na swali kubwa zaidi: je, maji ya mabwawa yananyonywa na udongo mpaka yanaingia kisimani? Wakati swali linatafutiwa jibu, watu wa kambi waliletewa maji na kamio, lori la tangi, kila siku mbili. Kisima kilikuwa cha kufulia tu.

Kwa hiyo chupa zilikuwa tano. Ya kwanza unachota maji yanapoingia. Ya pili na ya tatu, katikati ya mabwawa. Ya nne, yanapotoka. Ya tano, kisimani. Unaandika namba kwa kalamu ya fetri nyeusi, unapanga kwenye kikapu, unaleta maabara kabla ya saa sita, mara mbili kwa wiki. Walichagua wasichana kwa sababu mvulana wa miaka kumi na minane hakuweza kuvuka baraji tatu, vizuizi vya njiani, akabaki na meno yote. Msichana mwenye kikapu na bidoni, nani atamtazama? Kila mtu alikuwa anatafuta maji.

Wiki za kwanza tulifanya kazi kwa haki. Ninasema hivyo ili ujue kuwa sikuzaliwa mwongo. Tuliamka, tunakunywa chai bila sukari, tunashuka. Nilijua hata jina la bibi mmoja aliyefulia kisimani. Na Zaina alikuwa pale pale kambini. Nyumba yao ya Cibitoke ilichomwa, mumewe alitoka kutafuta mafuta ya taa asirudi, akabaki yeye na Saada chini ya karatasi ya plastiki. Tulimwambia aje Buyenzi, baba alimtumia watu mara mbili. Alikataa. Alisema mumewe akirudi atamtafuta upande ule.

Siku iliyotuharibu ilikuwa Jumanne. Tukiwa tunarudi mjini, kwenye daraja la njia yetu kulikuwa na vijana wapya ambao hawakutujua. Walikuwa na mawe, mmoja ana grenedi, bomu la mkono, ameitundika kwenye mkanda kama ufunguo wa gari. Wakafunua kikapu wakakuta chupa tano za maji, mbili zikiwa nyeusi, zimeandikwa namba. Siku zile, mwanangu, neno "sumu" liliua watu wengi kuliko sumu yenyewe. Yule wa grenedi akamwambia Mariamu ainywe chupa ya kwanza, kama kweli si sumu.

Mariamu akasema yale ni maji ya choo.

"Basi kunywa ya choo. Sisi hapa tunakunywa ya kwenu kila siku."

Wenzake wakacheka. Mariamu alikunywa. Funda moja, nikiwa nimemshika mkono. Wakaturuhusu tupite, tena wakatukabidhi chupa zetu kwa adabu, kama mtu anavyokurudishia mzigo wako sokoni. Mariamu alitapika mpaka tukafika mjini. Tulipomweleza daktari alitikisa kichwa, akatuandikia karatasi yenye muhuri ya kuonyesha kwenye baraji. Karatasi. Wale vijana hata sijui kama walijua kusoma.

Ijumaa hatukushuka. Tulikaa nyuma ya gereji ya baba na chupa zetu tano, na hapo ndipo tulipofanya lile jambo. Tulichota maji ya mfereji wa kartie, meusi, tukajaza chupa ya kwanza. Ya pili tukatia mfereji nusu, na nusu maji ya robine, ya bomba. Ya tatu tukapunguza mfereji zaidi. Ya nne tukatia kidogo tu, kiasi cha kuondoa mng'ao. Ya tano tukajaza robine tupu, kwa sababu maji ya kisima nilikuwa nimeyaona mara nyingi na yalikuwa meupe. Nilijiambia: meupe ni meupe. Hilo ndilo kosa langu lote, ukitaka kulibeba kwa mkono mmoja. Nilifikiri macho yanatosha.

Mabwawa tukawa sisi wenyewe, mimi na Mariamu na ndoo.

Daktari Anselme alifurahi sana. Kwenye ukuta wa ofisi yake alikuwa na karatasi yenye mistari, na mstari wetu ulishuka kutoka chupa ya kwanza hadi ya nne kama ngazi iliyopigwa na fundi mzuri. Siku za kazi ya haki haukuwa unashuka hivyo. Ulipanda, ulishuka, siku nyingine bwawa la tatu lilikuwa baya kuliko la pili, akawa anauma kalamu. Sasa akatuita, akatuonyesha. "Munaona, wasichana? Matete inafanya kazi." Na kisima kikawa safi, kila wiki, safi kuliko maji ya waziri.

Tukaendelea hivyo wiki sita au saba. Uongo ni kama kuvaa kiatu cha mtu: siku ya kwanza kinabana, siku ya tano umesahau kuwa si chako.

Kisha ripoti ikatoka, na ripoti haikai ofisini kama unavyodhani. Ina miguu. Kwenye mti uliokuwa kando ya kisima waliweka ubao, na juu ya ubao karatasi yenye muhuri iliyosema maji haya yamepimwa na yanafaa kunywewa. Na kwa kuwa yanafaa, na kwa kuwa mafuta ya gari hayapatikani, kamio la maji likaacha kwenda kambini. Likapelekwa kwingine, kulikokuwa na shida zaidi, walisema. Hakuna aliyekosea hapo. Aliyeondoa kamio aliamini karatasi. Karatasi iliamini chupa.

Sikukuu ya Idi njia ilitulia siku mbili, nikaenda kumwona Zaina. Nilimpelekea sambusa na kipande cha kitenge cha kumshonea Saada gauni. Tulikaa, tukacheka, akaniambia wanawake wa kambi wanamheshimu kwa sababu yangu. Halafu akashusha sauti. Alisema maji ya kisima yana ladha kama ya udongo wa tope, tena asubuhi yana povu jembamba, na watoto wawili wa jirani wanaharisha. Akaniuliza: "Hawa, nyie ndio munachota hii maji. Niambie mi, dada yako. Iko mazuri?"

Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwenye kisima. Njia ilikuwa wazi, jua lilikuwa linawaka, hakuna aliyenishikia grenedi. Ningeweza kusema sijui. Neno dogo hilo, sijui, halina hata uzito wa sambusa. Lakini kusema sijui ilikuwa ni kusema yote, na wanawake wale walikuwa wanasikiliza.

Nikamwambia: "Karatasi inasema mazuri."

"Sikukuuliza karatasi."

"Mazuri, dada. Kunywa."

Akaridhika. Akachota kikombe, akampa Saada, akanywa yeye, akanipa na mimi. Nikanywa. Mimi sikuugua, Saada aliharisha kidogo akapona, na hadi leo sijui kwa nini ilikuwa hivyo. Hilo nitalirudia.

Sasa nikutajie mtu mmoja mwema, usije ukafikiri nchi nzima ilioza. Maabara kulikuwa na mzee aliyeitwa Barnabé, mpimaji. Alikaa Kanyosha, upande wa pili wa mji, na kwa kuwa hapakuwa na magari alikuja kwa miguu kila asubuhi, viatu mkononi, anavivaa mlangoni. Aliosha vioo vyake vya kupimia mwenyewe, hakumwachia mtu. Jumatatu moja baada ya Idi, tumeleta chupa, dawa ya kupimia klorini, iliyokuwa imekwisha tangu embargo ianze, ilipatikana tena. Mzee Barnabé akatia kidonge kwenye maji ya chupa ya tano. Maji yakageuka rangi ya waridi.

Hakupiga kelele. Alimtuma Mariamu dukani kununua sabuni ambayo haikuhitajika, tukabaki wawili. Akaniwekea kile kioo mbele.

"Mwanangu," akasema, "klorini inatiwa na watu wa robine. Kisima hakijui klorini. Haya maji mulichota wapi?"

Nikamwambia yote, hata funda la Mariamu pale darajani. Nilitegemea anipige, au anihurumie. Nilikuwa tayari kwa moja ya mawili. Hakufanya lolote. Alivua miwani, akaifuta kwa koti, akasema maneno ambayo nayajua kwa moyo kama Fatiha.

"Uliogopa, na woga wako si dhambi. Hata mimi natembea upande wa mtaro, si katikati ya njia. Lakini kama hukufika, ulete chupa tupu. Chupa tupu nayo ni jibu. Inaniambia njia imefungwa, nami nitaandika: wiki hii hatujui. Watu wanaoambiwa 'hatujui' wanachemsha maji. Uliwaletea chupa iliyojaa, ukawanyang'anya hata woga wao."

Kisha akavaa miwani, akachukua kile kioo cha waridi, akaenda nacho ofisini kwa Daktari Anselme. Mlango haukufungwa vizuri. Nilisimama pale na kikapu, nikasikia kila neno, na haya ninayokuandikia nimewahi kuyaapia msikitini.

Mzee Barnabé alimwambia chupa za wiki nyingi ni za uongo, kisima hakijapimwa, karatasi ya ubaoni ibanduliwe leo na kamio lirudishwe. Daktari alikuwa anaandika, akaacha. Kalamu ilikuwa mkononi, naiona mpaka sasa, ya bluu. Akasema ripoti imeshakwenda kwa waliotoa msaada, na yeye ameitwa kwenda kuisoma ng'ambo mwisho wa mwezi. Akasema wakisikia hivi watafunga mradi wote, na baada ya vita mji utabaki bila chochote. Akasema: tutasahihisha kwenye ripoti ya pili. Akamwomba Mzee amwage kile kioo.

Mzee hakukimwaga. Alitoka nacho, akakiweka dirishani. Akaniambia yeye ataandika barua kwa wakubwa, lakini barua ina miguu mifupi. "We una dada kule. Nenda kesho. Hata kama ni kwa sikio lake peke yake."

Kesho yake ilikuwa Jumanne, na njia ilikuwa wazi. Nilifika mpaka darajani. Nikafikiri: ni nani huyu msichana wa Buyenzi anayekuja kambini kusema kisima kina ugonjwa? Watasema nimekitia mimi. Nilijua yaliyompata mwanamume mmoja kwa maneno kama hayo. Nikafikiri, nitakwenda Jumatano na baba. Nikarudi nyumbani, nikafua nguo.

Jumatano mji ulifungwa. Ville morte, walivyoita, mji mfu: maduka yamefungwa, matairi yanaungua njiani, anayetoka anajua mwenyewe. Siku tatu. Jumamosi njia ilipofunguka, aliyefika kwanza ni mtu wa kambini, kuja kutuambia Zaina yuko hemani.

Mengine umeyasoma juu.

Walikufa wengine pia, sitakutajia hesabu ambayo sikuihesabu. Karatasi ya ubaoni ilibanduliwa na nani sijui, usiku mmoja, na kisima kikajazwa mawe. Barua ya Mzee Barnabé haikujibiwa. Yeye mwenyewe aliondolewa kazini baada ya hapo, wakasema macho yake yamechoka. Alikufa miaka michache kabla vita havijaisha, nyumbani kwake, kwa ugonjwa wa moyo, nami nilikwenda kumzika ingawa si wa dini yangu.

Na Daktari Anselme? Alirudi kambini, mwanangu. Hakuja na maji. Alikuja na sindano. Alisema anataka kujua kwa nini kwenye nyumba moja mmoja anakufa na mwingine anapona, kwamba ziko damu zinazoshikwa na kolera haraka kuliko nyingine, na jambo hilo linarithiwa. Walimchoma mama yako Saada, walinichoma na mimi. Ripoti ya pili ikatoka, ile iliyoahidiwa kuwa ya kusahihisha. Ilisemwa mbele za watu kwamba wakimbizi waliuleta ugonjwa kutoka walikotoka, na kwamba kuna udhaifu katika damu yao. Katika nchi ile, wakati ule, watu wanauana kwa ajili ya damu ya nani ni nani, yeye akasimama akasema damu.

Mimi sibishani na sayansi. Huenda ni kweli kwamba damu yangu ni ngumu na ya dada yangu ilikuwa laini. Huenda ndiyo sababu nilikunywa kikombe kile kile na nikabaki. Lakini damu ya Zaina ilikuwa ile ile tangu azaliwe. Kilichobadilika ni maji.

Nilimfuata mara moja, vita vilipokwisha. Alikuwa ameshakuwa profesa, na nyumba yenye maua. Alinikumbuka, akaniletea kiti na Fanta. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya chupa ya tano. Alinitazama kwa huruma kabisa, akasema: "Hawa, wakati ule kila mtu alikufa kwa kitu fulani." Nikaiacha Fanta pale ilipo.

Mwanangu, sasa nasaha, nizitoe wazi usije ukasema nyanya alizunguka.

Ukitumwa kuleta neno la mtu, lilete la mtu. Ukishindwa kufika, rudi na karatasi nyeupe, useme: hapa sikufika. Watakukaripia, labda watakuondoa kazini, na kazi nyingine utapata. Katika zile karatasi ulizoweka alama kuna mtoto wa Buyenzi ambaye halali. Simjui, wala wewe humjui, maana hukumwuliza. Yupo. Amekaa ndani anangoja mtu agonge mlango amwulize swali lile la mwisho, la kutamani kufa, na wewe umeshamjibia hapana. Kesho mtu mkubwa atasoma kwamba vijana wa hapa wanalala vizuri, na kamio litapelekwa kwingine. Hivyo ndivyo inavyokwenda. Siku zile nilidhani kuna ukatili mkubwa mahali fulani juu unaoua watu. Upo. Lakini mlango wake ulikuwa wazi kwa sababu mimi niliushikilia.

Na ukishakosa, sema upesi, sema kabla ya Jumatano. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini ya kisimani yanaweza kuzuiwa. Usingoje uwe na ujasiri. Nenda na woga wako, utembee kando ya mtaro kama Mzee Barnabé, ili mradi ufike. Na anayekuongoza, awe daktari awe nani, akifurahi sana kwa kazi yako, mwulize ni kwa nini. Mstari ulionyooka mno, kuna mkono ulioupiga.

Faili lako liko juu ya kabati. Zile ulizojaza nimezifunga kwa kamba, utawarudishia watu wa utafiti mwenyewe na kuwaambia ulichofanya. Mimi nitakwenda nawe, nitakaa nje. Nyeupe zilizobaki ni zako. Mwenyezi Mungu akupe mguu usiochoka mlangoni mwa watu, akupe sikio, akupe na ulimi unaoweza kusema sijui bila kuvunjika. Akulinde na maji mabaya na karatasi nzuri. Amina.

Nimeshamaliza na wewe. Bado mtu mmoja.

Niliahidi majina matatu. La kwanza ni langu, Hawa binti Juma, fundi wa magari, na nimelijibia hapa mbele ya mjukuu wa niliyemwua. La pili ni Mariamu, aliyekufa ukimbizini Kigoma, na yule atajibu aliko. Funda lile la darajani limtetee. La tatu ni wewe, Anselme, profesa, ambaye bado uko hai na unaalikwa kuzungumza juu ya matete. Sisi wasichana tulikuletea uongo tukiwa hatujui klorini ni nini. Wewe ulijua. Uliwekewa kioo cha waridi mezani siku ya Jumatatu, na Jumanne njia ilikuwa wazi, na gari ulikuwa nalo, na mafuta ulikuwa nayo, na kalamu ilikuwa mkononi. Njoo Buyenzi, kiti kipo, useme mbele ya Saada na binti yake: Jumanne ile ulikuwa wapi?